Wosia haumtaji, sensa ina namba tu: mtajuaje huyu mkulima wa Virginia ndo babu yenu?

Swali: Habari mtaalamu. Naishi Columbus, Ohio, mume wangu ni Mmarekani na watoto wetu wanataka kuujua ukoo wa baba yao. Baba mkwe ana karatasi ya zamani inayosema wametokana na mkulima wa Augusta County, Virginia, aliyefariki 1815. Sisi mtu wa mwisho tunayemjua kwa uhakika ni babu yao wa Ross County hapa Ohio, sensa ya 1850 inasema ana miaka 66, mkulima, kazaliwa Virginia. Wosia wa yule mzee wa Augusta tumeupata, unamtaja mke na vijana wawili, halafu unasema "watoto wangu wengine" bila majina. Sensa za nyuma zina jina la mwenye nyumba na namba tu. Na majina yenyewe ni ya kawaida sana, wapo wengi. Tutajuaje kama wa Ohio ni mtoto wa huyo mzee?

Jibu:

Dada habari, msalimie sana shemeji na baba mkwe. Swali lako nimelisoma na kwa kweli mmeanza vizuri kuliko wengi, maana watu huwa wanaanzia juu, wanachukua jina la mzee wa miaka ya 1700 wanashuka nalo mpaka kwao, matokeo yake mtu anajikuta kajiunga na ukoo wa watu. Nyie mmeanzia kwa mtu mnayemjua, wa 1850, mnapanda. Endeleeni hivyo hivyo.

Sasa jibu lenyewe. Kwa wosia na sensa peke yake hamtampata, na msikae mnaurudia ule wosia mkitegemea jina litajitokeza. Wosia ni karatasi ya kwanza ya shauri refu. Mzee akishazikwa unathibitishwa mahakamani, mali inaorodheshwa, vitu vinapigwa mnada, madeni yanalipwa, wasii (yule aliyepewa kusimamia mirathi) anatoa hesabu, na miaka mingi baadaye mjane naye akifariki ardhi inagawanywa au inauzwa. Hao "watoto wengine" wasio na majina ilibidi siku moja wapewe chao, na mtu hapewi hela wala ardhi bila jina lake kuandikwa na yeye kusaini au kuweka alama ya X. Kwa hiyo mnachotafuta ni jina la huyu wa Ohio kwenye karatasi za Augusta za baada ya 1815, ikiwezekana hata baada ya 1830.

Ila kabla hamjaenda Virginia mmalizeni kwanza huyu wa Ohio, mumjue kiasi kwamba mkikutana na mwenye jina kama lake mnajua siyo yeye. Sensa ya 1850 ilihesabu watu kama walivyokuwa tarehe 1 Juni, kwa hiyo miaka 66 maana yake kazaliwa 1783 au 1784, japo umri wa kwenye sensa siyo wa kuuapia, aliyemjibu karani anaweza kuwa mke, mtoto au hata jirani aliyekuwepo pale, mpeni nafasi ya miaka miwili mitatu huku na huku. Halafu mrudisheni nyuma. 1840 anatakiwa awe kwenye safu ya miaka 50 hadi 60, 1830 safu ya 40 hadi 50, 1820 safu ya 26 hadi 45. Mkimpata Ross County 1830 mtu wa jina lile lile lakini mwanaume mkubwa wa nyumba ile yuko safu ya 30 hadi 40, huyo ni mwingine, achaneni naye hata kama miti ya ukoo ya watu wengine mtandaoni imemweka. Ile miti watu wanakopiana, mmoja akikosea kesho wamekosea mia.

Ukifika 1820 kwenda nyuma mambo yanakuwa magumu na siyo kosa lenu. Sensa ya Ohio ya 1810 imepotea karibu yote, imebaki Washington County tu ambayo ni upande wa Marietta, siyo kwenu. Virginia nayo, sensa ya 1790 haipo kabisa na ya 1800 karibu yote haipo. Vile vitabu vilivyochapishwa vikiitwa sensa ya 1790 ya Virginia, ndani yake ni hesabu za jimbo na orodha za kodi za 1782 hadi 1785 zilizowekwa kuziba pengo, sasa mtu asiyejua anachukua mwaka 1790 anauandika kwenye mti wake kumbe jina lile liliandikwa miaka mitano hadi minane kabla. Kwa hiyo kwa Augusta sensa ya kwanza ya kweli mtakayoitumia ni ya 1810.

Hiyo ya 1810 isomeni taratibu. Safu ni tano kwa wanaume weupe na tano kwa wanawake weupe: chini ya miaka 10, kumi hadi 16, 16 hadi 26, 26 hadi 45, na 45 kupanda juu. Siku ya kuhesabia ilikuwa 6 Agosti 1810. Kijana wenu kama kazaliwa 1784 siku hiyo alikuwa na miaka 25 au 26, yaani yupo palepale kwenye mpaka wa safu mbili, kwa hiyo msimtoe wala msimwingize kwa sababu ya safu tu. Na zile namba siyo lazima wawe watoto wa mzee. Nyumba ya mkulima wa wakati ule unakuta kijana wa kibarua, mpwa, mkwe ambaye hajapata shamba lake, mama mkwe. Karani alikuwa anahesabu walioishi pale, habari ya nani ni nani haikumhusu. Uhusiano wa mtu na mwenye nyumba haukuandikwa mpaka 1880! Hata hiyo ya 1850 yenye majina ya kila mtu huru haisemi nani mtoto wa nani, ni sisi tunadhania kwa kuangalia umri na jina la ukoo. Halafu mkifanya 1820 kuna mtego mmoja mdogo, wameongeza safu ya wanaume wa miaka 16 hadi 18, na hao hao wamehesabiwa tena kwenye 16 hadi 26, usiwajumlishe mara mbili ukapata watoto hewa.

Mimi kwa Virginia ya miaka ile naipenda orodha ya kodi kuliko sensa. Sensa ni mara moja kwa miaka kumi, kodi ni kila mwaka kuanzia 1782, isipokuwa 1808 ambapo haikukusanywa kwa hiyo msihangaike kuutafuta. Kuna orodha mbili tofauti, ya ardhi na ya mali kama farasi na watumwa, na hii ya mali ndo inataja pia wanaume weupe wanaolipiwa. Kijana akifika miaka 16 anahesabiwa kwa baba yake, kwa hiyo mzee aliyekuwa analipia mwanaume mmoja ghafla analipia wawili, na kama ni mwaka 1800 hivi basi mnajua kuna kijana wa 1784 pale nyumbani. Akifika 21 anaanza kutokea kwa jina lake mwenyewe. Wenu angetakiwa aanze kujitokeza 1805 hivi, halafu mwaka fulani jina linakatika na Ohio linaanza kuonekana, hapo mmeshapata mwaka wa kuhama bila sensa yoyote. Kuna na utamu mwingine, orodha nyingi zimeandikwa tarehe mkusanya kodi alipopokea taarifa ya kila mtu. Majina yamepangwa kwa herufi, lakini ukiyachukua ya tarehe moja ukayaweka pamoja unapata watu wa njia moja, yaani majirani. Majirani hao muwaandike pembeni, tutawahitaji.

Pia kwenye kodi mtawaona wenye jina moja wametofautishwa, huyu mkubwa na huyu mdogo, Senior na Junior. Msikimbilie kusema baba na mwana. Enzi zile ilikuwa na maana ya mzee na kijana wa eneo moja, wanaweza kuwa mtu na mjomba wake au hata wasiwe ndugu kabisa, na yule mkubwa akifa mdogo anapanda kuwa Senior akaja mwingine akawa Junior. Ndo maana nasema jina silo la kufuata, fuata ardhi na majirani. Mtu anaweza kuwa na majina kama ya wenzake ishirini lakini ekari zake 180 kwenye kijito fulani jirani na fulani ni zake peke yake.

Turudi kwenye wosia. Kwanza angalieni mlichonacho ni nini, maana mara nyingi kilichoskaniwa ni nakala ambayo karani aliiandika kwenye kitabu cha wosia, na karani naye huruka mstari au husoma jina vibaya. Karatasi yenyewe kama bado ipo kwenye mafaili ya mahakama ni bora muione. Pili muandike tarehe mbili: ya kuandikwa na ya kuthibitishwa mahakamani. Mzee kafariki katikati ya hizo mbili, hamna zaidi ya hapo, kwa hiyo hiyo 1815 ya baba mkwe inawezekana ni tarehe ya mahakama tu.

Halafu lugha. Wosia za zamani zina maneno yanayodanganya mtu wa leo. Ukiona "cousin" anaweza kuwa mpwa wa mzee. "Infant" ni yeyote chini ya miaka 21 hata kama ana ndevu. "Orphan" ni mtoto aliyefiwa na baba, mama yake anaweza kuwa mzima kabisa jikoni. "Son-in-law", ambayo leo ni mkwe, wakati mwingine ni mtoto wa kambo. "My now wife", yaani mke wangu wa sasa, watu wanaruka juu eti mzee alikuwa na mke mwingine kabla, hapana, ni maneno ya wanasheria tu. Na mtoto aliyeachiwa shilingi moja siyo lazima alilaaniwa, mara nyingi alishapewa shamba au hela siku anaoa na ile shilingi ni ya kuzuia asije akasema alisahaulika. Hapo ndo nawaona hao "watoto wengine" wenu. Mkulima aliyewagawia wakubwa wakiwa hai, hasa waliohamia Ohio, hakuona sababu ya kuwataja mmoja mmoja, aliwataja wale wawili waliobaki nyumbani wanaolima na kumtunza mama. Siyo ajabu hata kidogo, ni kawaida sana.

Baada ya wosia kwenye vitabu vile vile tafuteni orodha ya mali. Mahakama iliteua watu wachache wa jirani wapite kila kitu wakitie bei: plau, farasi jike mzee, nguruwe, gurudumu la kusokotea, mtambo wa kutengenezea wiski, ngano iliyoko ghalani. Wathamini hao ni majirani, walinganisheni na ile orodha yenu ya kodi. Ikitokea kwenye orodha hiyo kuna vitabu vya Kijerumani basi huenda jina la ukoo limebadilika njiani, kwenye bonde lile la Shenandoah Wajerumani walijaa tele, Müller akawa Miller, Koch akawa Cook, Zimmermann wengine wakawa Carpenter, na itabidi mtafute kwa tahajia zote. Kisha orodha ya mnada, hii wengi wanaipita na mimi naiona ni dhahabu. Inataja nani kanunua nini. Mjane utamkuta ananunua kitanda chake na sufuria zake mwenyewe (ndiyo, sheria ilikuwa hivyo, mali ya ndani ilihesabiwa ya marehemu), vijana wananunua farasi na vifaa vya shamba, wakwe wapo, na wote wengine ni watu wanaoishi karibu. Mwanaume asiyejulikana mwenye jina la ukoo tofauti anayenunua vitu vya ndani vya thamani ndogo mara nyingi kaoa binti wa pale. Bei zinaweza kuwa za pauni na shilingi hata miaka mingi baada ya uhuru wao, Virginia shilingi 6 ndo dola moja.

Sasa sehemu ambayo kwa kesi yenu naiwekea tumaini kubwa. Wasii alitakiwa kupeleka hesabu mahakamani, inaweza kuwa mwaka mmoja baadaye au mitano, imeandikwa kwenye kitabu cha wosia lakini kitabu kingine, siyo kile chenye wosia. Humo ndani mnakuta amelipwa fulani fungu lake, amelipwa fulani kwa niaba ya mkewe fungu lake. Majina ya mabinti walioolewa yanapatikana hapo. Na kama mtoto yuko Ohio hawezi kupanda farasi wiki nzima kufuata dola 40, anakwenda mbele ya mahakimu wa kaunti yake anaandika karatasi ya kumpa ndugu au rafiki aliyeko Virginia mamlaka ya kumchukulia haki yake kwenye mali ya baba yake marehemu. Karatasi hiyo inasajiliwa Augusta, na haisajiliwi kwenye wosia, inasajiliwa kwenye kitabu cha hati za ardhi! Ndo maana mtu anaweza kuumaliza mkoba mzima wa wosia asiione.

Kwenye ardhi yenyewe angalieni wosia ulimpa mjane nini. Kawaida anapewa nyumba na shamba maisha yake yote au mpaka aolewe tena, na kama mzee hakumpa kitu cha kutosha sheria ilimpa thuluthi ya ardhi aitumie mpaka kufa. Kwa hiyo mgawo wa mwisho haukufanyika 1815, ulisubiri mjane afe, na kama alikuwa na miaka 55 inaweza ikawa 1830 na kitu. Siku hiyo warithi wote wanasaini hati moja kumuuzia ndugu mmoja au jirani, na karani anaandika kila mmoja anakaa wapi: huyu wa Augusta, huyu na mkewe wa kaunti ya Ross jimbo la Ohio. Mkiipata hiyo mmemaliza. Ila faharasa ya hati inaandika jina la muuzaji wa kwanza tu na wengine wanafupishwa kuwa "na wenzake", kwa hiyo msitafute jina la mtu wenu, chukueni kila hati iliyouzwa na mtu yeyote wa ukoo ule kuanzia 1815 hadi 1850 hivi mzifungue moja moja. Inachosha, najua. Unafuu ni kwamba unaweza kuanzia mwisho: tafuta nani alikuwa anamiliki lile shamba 1840 kwenye kodi ya ardhi, halafu uliza alilipata kwa nani.

Na kama walikosana? Bora zaidi, kwa mtafutaji ugomvi wa mirathi ni neema. Kesi hizo zilikwenda mahakama ya chansari (chancery, mahakama ya mashauri kama ya mirathi) ambako hakimu hawezi kugawa kitu bila warithi wote kutajwa, waliokufa na watoto wao, waliohamia majimbo mengine, na umri wa walio chini ya 21. Library of Virginia, maktaba ya jimbo, wameziskani kesi za Augusta kuanzia katikati ya karne ya 18 na faharasa yake iko bure mtandaoni, unatafuta kwa jina la ukoo. Kuanzia 1802 Staunton, ambayo ndo makao ya Augusta, kulikuwa na mahakama ya chansari ya eneo kubwa, kwa hiyo hata kesi za kaunti jirani zinaweza kuwa pale. Tafuteni na majina ya wale wakwe wa kwenye mnada siyo ukoo wenu tu.

Nimesema kaunti jirani kwa makusudi. Mipaka ya kule ilikuwa inahama kuliko watu. Chukua familia ya rais Abraham Lincoln, nao walikuwa wakulima wa bonde hilo hilo. Mababu zake walihamia Linville Creek kutoka Pennsylvania miaka ya 1760, pale palikuwa Augusta, 1778 eneo likamegwa likawa Rockingham, familia haijasogea hatua moja lakini karatasi zake ziko kaunti mbili. Babu yake, Abraham pia, akaenda Kentucky ambayo wakati huo ilikuwa bado Virginia, akauawa shambani kwake 1786. Hakuacha wosia. Sheria ya Virginia ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume ardhi yote ilikuwa imeshafutwa kwenye karatasi 1785 lakini ilianza kutumika 1 Januari 1787, yaani miezi michache tu imemkosa, kwa hiyo ardhi ikaenda kwa Mordecai mkubwa wao, na Thomas ambaye ndo baba wa rais akakua bila kitu. Mtu anayetafuta wosia unaomtaja Thomas atatafuta mpaka achoke, haupo. Halafu huyo huyo Thomas na Nancy Hanks, watu waliitafuta ndoa yao Hardin County walikoishi, hawakuiona, maneno yakaanza kwamba hawakuoana. Ilikuwa Washington County, Kentucky, kaunti nyingine kabisa ambako bibi harusi alikuwa anakaa, tarehe 12 Juni 1806. Ndoa mtafuteni kwao bibi harusi.

Kwa mzee wenu kafariki 1815 sheria ya mtoto wa kwanza haiwahusu, kama kuna mali hakuiandika kwenye wosia ilitakiwa igawanywe sawa kwa watoto wote, jambo linalotusaidia maana wote wanatajwa. Na bahati yenu nyingine ni kwamba vitabu vya Augusta vimesalimika tangu 1745. Jirani zao Rockingham mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vitabu vya mahakama vilipakiwa kwenye gari la farasi vifichwe jeshi la kaskazini lisivikute, wanajeshi wakalikuta gari njiani wakalichoma moto, ndo maana vitabu vyao vingi vya wosia vina kingo zilizoungua. Kaunti nyingine za Virginia zilipeleka vyao Richmond kwa usalama na Richmond ikaungua Aprili 1865.

Kuna jambo lingine naomba msiliruke. Wosia au orodha ya mali ya mkulima wa Augusta ya 1815 inaweza kuwa na watu ndani yake. Unasoma farasi, ng'ombe, kisha jina la mwanamke na mtoto wake na bei. Baba mkwe anaweza asipende kuliona hilo na sitashangaa, lakini muandike majina yale yote, bei zao, na walikopelekwa, kama ni kwa mjane au kwa kijana gani. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, bila majina, mpaka 1870 ndo waliandikwa wote kwa majina. Kwa hiyo mjukuu wa huyo mama anayetafuta ukoo wake leo hana pengine pa kumuona zaidi ya karatasi hiyo hiyo iliyoko mikononi mwenu. Kwa upande wenu pia inasaidia kitafiti, mtu aliyeachiwa kijana fulani kwenye wosia kodi yake itaonyesha mwaka unaofuata kaanza kulipia mtumwa, ni njia nyingine ya kutofautisha wenye majina sawa.

Mambo madogo madogo: Jno ni John siyo Jonathan, Jas ni James, Wm ni William, ile s ndefu inafanana na f. Polly ni Mary, Patty ni Martha, Sally ni Sarah, Peggy ni Margaret, na Nancy mara nyingi ni Ann, usije ukahesabu mke mmoja mara mbili. Mzee kama alipigana vita vya mapinduzi na mjane alikuwa hai 1836 au 1838 angalieni pensheni, faili za wajane wakati mwingine zina kurasa za Biblia ya familia zilizochanwa zikatumwa kama ushahidi wa ndoa na watoto. Vipimo vya DNA fanyeni kama mnataka, anzeni na baba mkwe kwa kuwa yuko kizazi kimoja karibu zaidi, ila vitawaambia mna undugu na watu fulani, haviwezi peke yake kusema wa Ohio ni mtoto wa mzee au ni mtoto wa kaka yake mzee. Na hilo la kaka ndo hatari yenu kubwa hapa, ndugu wawili wanaita watoto majina yale yale ya baba yao.

Kwa hiyo nikiwa nyie ningeanza hapo karibu. Chillicothe, makao ya Ross County, ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Columbus. Tafuteni hati ya kwanza aliyonunulia ardhi, maana inaweza kumtaja kuwa ni mtu wa Augusta, Virginia, na kama shamba liko magharibi ya mto Scioto basi liko ndani ya eneo lililotengwa kwa ajili ya askari wa Virginia wa vita vya mapinduzi, haki zile ziliuzwauzwa sana kwa hiyo muangalie ilipitia kwa nani. Watazameni mashahidi waliosaini na majirani wa mipaka, mkiona majina mawili matatu yale yale ya kwenye mnada wa Augusta mmeshika kamba yenyewe, wakulima wale hawakuhama peke yao. Muwaonyeshe watoto na ile orodha ya kilimo ya sensa ya 1850, ni karatasi tofauti na ya watu, ina ekari zake, farasi, ng'ombe wa maziwa, mahindi aliyovuna na siagi, ilimradi shamba lilizalisha kuanzia dola 100.

Vitabu vya Augusta vya hati, wosia na kodi vingi viko FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, akaunti ni bure, vingine unaruhusiwa kuviona ukiwa kwenye vituo vyao tu. Anzeni na hati za ardhi za ukoo ule baada ya 1815, kisha hesabu za wasii, kisha chansari. Mkikuta wa Ohio anapokea fungu kama mtoto, sawa. Mkikuta anapokea pamoja na wengine fungu moja lililogawanywa vipande, simameni hapo, huyo ni mjukuu anayechukua nafasi ya baba yake aliyetangulia kufa, na itabidi mumtafute huyo wa katikati. Mkikuta hamna kitu kabisa, niandikieni tena na majina ya mashahidi wa ile hati ya Chillicothe, tuanzie kwa hao.